Mti haujafa, unachunga maji

Fungueni kitabu cha Kifaransa ambacho watoto wetu wanasomea. Mara nyingi mtakuta ukurasa wenye picha nne za majira ya mwaka: printemps, été, automne, hiver. Kwenye picha ya automne kuna mti wenye majani mekundu na ya manjano, na mtoto mwenye koti anayaokota chini. Mtoto wa Likasi, wa Kolwezi ao wa Kipushi anashika maneno yale kwa kichwa, anayasema mbele ya mwalimu, anapata alama nzuri, na jambo linaishia pale. Hakuna anayemwambia kama majani yanaanguka hata kwetu.

Mtoto wangu wa tatu, mwenye miaka sita, ndiye aliyeleta ulizo hilo nyumbani: "Mama, na kwetu automne inakuyaka mwezi gani?"

Mama yangu mzazi, ambaye watoto wanamwita nkambo, alikuwa anachambua sombe. Hakusoma Kifaransa, lakini alielewa maana ya ulizo. Akaonyesha kwa kidole ule mti ulio nyuma ya lupango ya jirani, umebaki mifupa mitupu, na akasema: "Ule muti unauona? Hauyakufa. Unachunga tu mayi yake." Toka siku ile jamaa yetu ina kazi yake ya wakati wa baridi, na ni juu ya kazi hiyo ninataka kuwaandikia, maana haina bei na inafaa watoto wadogo kabisa.

Kwa nini majani yanaanguka

Kwetu Katanga majani yanaanguka kweli, lakini sababu si ile ya Ulaya. Kule mti unaacha majani kwa kuwa baridi kali inakaribia na mwanga wa mchana unapungua. Huku mvua inaisha mwezi wa tatu ao wa nne, na toka pale mpaka mwezi wa kumi tunaona mawingu machache sana. Jani ndipo mti unapotolea maji yake hewani, kama nguo iliyoanikwa kwenye kamba. Udongo ukikauka, mti unaacha majani yake ili ubakie na maji yaliyo ndani ya shina na ya mizizi.

Mtoto wa miaka minne anaweza kulielewa jambo hilo. Ninampa majani mawili ya aina moja, moja tunaliweka juani, lingine ndani ya kopo lenye maji kidogo. Jioni anayashika yote mawili. Lile la juani limekunjamana, linavunjika mkononi. Hakuna haja ya maneno mengi.

Lakini jambo la ajabu la pori letu ni lile linalofuata. Mwezi wa nane na wa tisa, wakati vumbi limezidi na visima vinashuka, kabla hata tone moja la mvua halijaanguka, miti ya muputu inatoa majani mapya. Na majani hayo si ya kijani. Ni mekundu, mengine kama shaba iliyosuguliwa. Rangi hiyo inalinda jani changa wakati jua ni kali na jani halijakomaa. Baada ya siku nyingi kidogo linageuka kijani. Kwa hiyo mtoto wangu alipata jibu lake: kwetu rangi nyekundu ya majani si ya kufa, ni ya kuzaliwa. Alienda kumwambia mwalimu wake, na mwalimu alifurahi sana.

Watoto wanaojua mawe

Sisi wa miji ya migodi tuna watoto wenye akili ya mawe. Mtoto wa mtaa wetu, hata wa miaka minane, akiokota jiwe la kijani anakuambia mara moja: malakiti. Akipata jiwe jeusi anauliza kama ni kobalti, na bei iko ngapi. Silaumu. Mawe hayo yamelisha jamaa nyingi huku toka wakati wa Union Minière, iliyoundwa mwaka wa 1906, na hata baada ya serikali kuichukua kampuni hiyo mwishoni mwa miaka ya 1960. Watu wengi wa hapa wameoa, wamezika na wamesomesha kwa pesa ya mawe.

Lakini mpeleke mtoto huyo huyo chini ya mutondo na umwulize ni mti gani. Atakujibu: "Ni muti ya makala." Muputu: makala. Musamba: makala. Kwake miti yote ina jina moja, na jina hilo ni la kitu kilichokwisha kuungua. Nkambo yeye anajua kwamba mutondo ndio unaolisha vinkubala tunavyonunua sokoni, kwamba mupundu unazaa wakati njaa inapiga, kwamba masuku yanaiva mvua inapoanza. Sasa kati ya nkambo na mjukuu kuna mtu mmoja tu anayeweza kupitisha majina hayo, ni wewe na mimi. Na pori lenyewe linarudi nyuma kila mwaka, maana mji mzima unapika kwa makala, na mimi pia ninapika kwa makala.

Siku ya posho

Tunatoka siku ya posho asubuhi, mara mbili kwa mwezi, tunaenda upande wa shamba letu. Tunabeba maji, mihogo ya kuchemsha, kaye moja na biki moja. Kila mtoto amechagua mti wake mwezi wa tano, wakati majani bado yapo. Tukifika anaenda kuusalimia, anaugusa, anahesabu matawi yenye majani na matawi matupu, mkubwa anaandika. Wadogo wanaweka karatasi juu ya jani na kusugua kwa kipande cha makala mpaka mishipa ya jani inatokea. Ndivyo hata makala yanapata kazi nyingine.

Mti wa binti wangu wa nne ni mupundu, na wakati miti ya wakubwa wake ilikuwa mitupu, wake ulibaki kijani. Alijivuna sana. Tukauliza sababu. Nkambo akamwambia ageuze jani. Juu ni gumu kama ngozi, chini lina manyoya mafupi ya rangi ya majivu, kama blanketi. Manyoya hayo yanazuia maji kutoka haraka, na mizizi yake inashuka mbali. Kila mti una hekima yake ya kuvuka wakati wa jua: mmoja unavua nguo, mwingine unavaa blanketi.

Mchezo wanaoupenda zaidi ni wa maganda. Muputu una ganda gumu, bapa, refu kama kidole ao kupita. Jua la mwezi wa tisa likilikausha, ganda linajipinda pande mbili na mwishowe linapasuka kwa kishindo, paa! na mbegu inaruka. Tunakaa kimya chini ya miti na kusikiliza. Anayesikia kwanza anainua mkono. Kisha tunatafuta mbegu chini na kupima kwa hatua umbali toka shina. Mtoto anaona kwa macho yake namna mti usio na miguu unavyotuma watoto wake mbali na kivuli chake.

Mbele ya shamba kuna kichuguu kikubwa kuliko nyumba yetu. Vichuguu vya Katanga vinaweza kufika mita 8 kwenda juu, na wataalamu waliopima udongo wa vichuguu vya upande wa Lubumbashi walikuta vingine vilianza zaidi ya miaka 2000 iliyopita. Niliwaambia watoto: mchwa hawa walikuwa wanajenga hapa kabla ya mtu yeyote kuandika jina Katanga. Kijana wangu mkubwa alijibu: "Na sisi tunawavunjia nyumba juu ya matofali." Ni kweli, nyumba nyingi za hapa, hata yetu, zimejengwa kwa udongo wa kichuguu. Sikutafuta neno la kumtuliza. Ni vema ajue nyumba yake imetoka wapi.

Kijiti na kivuli

Kwa wale wasioweza kutoka mjini, kuna kazi moja inayofanyika ndani ya lupango. Chukueni kijiti cha mita 1, mkisimamishe sawa kabisa mahali palipo wazi. Saa sita ya mchana, wengine wanasema midi, wekeni jiwe pale kivuli kinapoishia. Fanyeni hivyo mara moja kwa mwezi, siku ileile ya mwezi.

Mwishoni mwa mwezi wa sita, kwetu Likasi na Lubumbashi, kivuli kinafika karibu sentimita 70, na kinaangalia upande wa kusini. Mwishoni mwa mwezi wa tisa kimebaki karibu sentimita 20. Mwishoni mwa mwezi wa kumi kinapotea karibu chote, jua liko juu ya kichwa chetu kabisa. Na mwezi wa kumi na mbili kinarudi, lakini sasa kimegeukia kaskazini. Watoto walipoona mawe yale yamepangwa kama njia ndogo, walielewa bila kitabu kwa nini mwezi wa sita tunatetemeka asubuhi na mwezi wa kumi tunalala mlango wazi.

Wakati huohuo angalieni nyaya za umeme. Mwezi wa kumi ao wa kumi na moja wanafika ndege wadogo, mgongo wa buluu nyeusi, mkia wa panda. Ni mbayuwayu. Wengi wao walizaliwa Ulaya, na wameondoka kule kwa sababu ya automne ile ya kitabu: baridi ikikaribia, wadudu wanaowala wanapungua. Ndege wa gramu 20 hivi anavuka bahari na jangwa la Sahara mpaka juu ya nyumba zetu, na mwezi wa tatu ao wa nne anarudi. Hivyo automne haifiki kwetu, lakini wageni wake wanafika.

Juu ya vumbi

Hapa ninaomba wazazi wanisikilize vizuri. Kufundisha mtoto nje ni jambo jema, lakini nje yetu si sawa na nje ya kila mahali. Wakati wa jua vumbi la njia za magari ya mawe linakaa juu ya kila jani. Mwaka wa 2018 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitoa matokeo ya kazi yao ya mtaa wa Kasulo, Kolwezi, ambako watu walikuwa wanachimba kobalti katikati ya nyumba. Walikuta kobalti ndani ya damu na mkojo wa wakaaji kuliko ya watu wa mtaa wa jirani usiochimbwa, na tofauti ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto. Sababu inaeleweka: mtoto anacheza chini, anatia mikono kinywani.

Basi sisi tuna sheria nne. Hatuchezi karibu na machimbo, wala kwenye lundo la mabaki ya kiwanda, wala kando ya mto unaopokea maji ya kuoshea mawe. Hatuokoti bowa wala matunda mahali hapo, hata yakiwa mazuri namna gani. Tunaosha mikono kwa sabuni kabla ya mihogo. Na viatu vinabaki mlangoni tukirudi.

Kuna milima midogo mnayoijua, isiyo na miti, majani mafupi tu na maua. Ni milima ya shaba. Udongo wake una shaba nyingi mno, miti haiwezi. Lakini mimea fulani imezoea, na mingine haioti popote pengine duniani. Wazee waliotafuta shaba zamani waliifuata mimea hiyo kama alama. Machimbo yakifunguliwa, ni ua hilo linaloondoka kwanza. Tunaangalia kwa mbali, hatung'oi.

Miti saba

Nilisema majina yanaokoa kitu, na sipendi kusema bila kuonyesha. Mwaka juzi, mwezi wa nane, mtu wa makala alikuja kumwona baba ya batoto. Kwenye mpaka wa shamba letu tulikuwa na miti saba mikubwa: mitatu ya muputu, mitatu ya mutondo na ule mupundu mmoja. Alitaka yote saba, na bei yake ilikuwa ya kweli. Masomo yalikuwa yanafunguliwa mwezi wa tisa, binti yetu mkubwa yuko sekondari, na kazi ya kusudea ambayo baba ya batoto anaifanya ilikuwa imelala. Hapakuwa na nafasi ya kucheka na pesa ile.

Nkambo alisikia. Ninyi mnajua desturi: mama mkwe haketi na mkwe wake kubishana juu ya mali, ni haya. Kwa hiyo hakumwambia neno. Alikaa na wajukuu jikoni, mlango wazi, baba yao akiwa barazani, na akawauliza kwa sauti: "Banakata yote, mwaka kesho mutaenda kusalimia nini?"

Watoto walileta kaye. Kijana akasoma mbele ya baba yake, mti mmoja mmoja: siku majani yalipoanguka, siku mekundu yalipotoka, hatua ngapi mbegu iliruka, mapundu mangapi waliokota. Binti mdogo alisimama tu nyuma ya kaka yake. Baba yao alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Na pesa ya masomo ya dada yenu?" Hakuna aliyejibu. Ulizo lilikuwa la haki.

Asubuhi alimwita mtu wa makala. Akamwuzia miti minne, miwili ya muputu na miwili ya mutondo. Akaweka masharti ambayo nkambo alikuwa amewafundisha wajukuu: kukata kwa urefu wa goti, bila kuchimba visiki, na kuweka tanuru mbali na visiki hivyo. Maana muputu na mutondo vikikatwa hivyo vinachipuka tena toka kisikini, ikiwa moto wa mwisho wa wakati wa jua hauvifikii. Moto wa mwezi wa tano hauna nguvu nyingi kwa kuwa majani bado mabichi; moto wa mwezi wa tisa ao wa kumi unaua machipuko. Mtu yule alikubali, lakini alishusha bei.

Pesa haikutosha. Binti yetu alirudishwa nyumbani mara mbili, na mimi niliuza karanga na sombe mpaka mwezi wa kumi na mbili kumaliza deni. Ninaandika hivyo ili mtu asifikiri kuacha miti mitatu ni bure. Ina bei, na katika nyumba yetu binti mmoja alilipa sehemu yake kwa kukosa kalasi.

Leo kila kisiki kina machipuko. Tuliondoa mengi, tukaacha matatu ao manne yenye nguvu kwa kila kisiki, na yanampita binti yangu mdogo kwa urefu. Kila mwezi wa sita watoto wanafyeka majani makavu kuzunguka visiki, upana wa hatua tano, ili moto usipite. Wameviandika ndani ya kaye kwa majina yale yale: muputu wa kwanza, muputu wa pili. Binti yetu mkubwa amefaulu mwaka wake. Yeye ndiye anayesahihisha maandiko ya wadogo.

Kuanza kwenu

Usingoje kuwa na shamba. Mwembe wa lupango unatoa maua wakati wa baridi: mwulize mtoto ni ndege ao wadudu gani wanakuja asubuhi. Jakaranda za barabara zetu, ambazo zililetwa toka Amerika ya Kusini, zinamwaga majani yake na kuvaa maua mwezi wa tisa na wa kumi. Mtoto achague mti mmoja tu. Ajue jina lake kwa lugha ya nkambo wake, kwa Kiswahili, na kwa Kifaransa ikiwezekana. Autembelee mara mbili kwa mwezi, toka mwezi wa tano mpaka mvua ya kwanza.

Na ikiwa wewe mwenyewe hujui jina, usiseme "ni muti tu". Kuna mzee fulani mtaani mwenu ambaye anachomea jua mbele ya mlango wake, na hakuna mtu aliyemwuliza kitu toka miezi mingi. Mtume mtoto na jani mkononi. Ampe mzee heshima, asalimu kwa mikono miwili, aulize, na asikimbie kabla jibu halijaisha, maana wazee wetu wakianza na mti wanamalizia mbali sana.